Dakika Kumi na Tano za Kahawa

Lisemwalo halipo, na lililopo halisemwi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo hapa Súlnavík, mji wa watu mia nne uliobanwa kati ya mlima na maji ya baridi. Anayebisha na aje akae asubuhi moja tu ndani ya hodhi la maji moto.

Mimi nafanya kazi bwawani. Alfajiri nafungua mlango, napima joto la maji, kisha nakaa nyuma ya dirisha la kioo nikiangalia asizame mtu. Hajawahi kuzama mtu. Watu wetu hawaji kuogelea. Wanakuja kukaa ndani ya hodhi, maji yakiwafika shingoni na theluji ikiwaangukia utosini, wazungumze. Vichwa sita, saba, vimepangwa ukingoni kama vyungu. Kila habari ya mji hupikwa humo kwanza. Mwisho wa juma ndimi ninayeonyesha sinema katika ukumbi wa mji, kazi niliyorithi kwa baba pamoja na funguo zake.

Hjörleifur alikuwa anakuja hodhini kila siku saa moja asubuhi. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwenye mikono ambayo haikuwahi kutakata grisi hata ioshwe vipi. Alikuwa akisema "Habari za asubuhi," kisha anafumba macho. Dakika ishirini baadaye anasema "Siku njema," anaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote, na mimi nilikuwa nayapenda.

Mwaka wa themanini na tisa, mwezi wa pili, kulikuwa na dansi katika ukumbi ule ule ninaoonyeshea sinema. Mchumba wake, Sólrún, alitoka nje katikati ya wimbo na hakuonekana tena mpaka leo. Watu walikuwa wamewaona wakibishana mlangoni. Kesho yake glavu ya kulia ya Sólrún ilikutwa kando ya barabara ya mlimani. Ya kushoto ilikutwa katika mfuko wa Hjörleifur. Alieleza kwamba yeye alisahau za kwake nyumbani, Sólrún akampa moja, wakawa wanatembea kila mtu na glavu moja, na ile mikono miwili iliyobaki wazi wameishikanisha. Polisi waliyaandika maneno hayo na hawakuyaamini. Walimweka ndani siku arobaini, kisha wakamwachia, maana hapakuwa na maiti, hapakuwa na damu, hapakuwa na kitu.

Angeweza kuhama. Niliwahi kumuuliza.

"Nikihama," aliniambia, "nitakuwa nimewajibu."

Akabaki. Miaka ikapita, na maneno hayakuisha ila yalizama tu, kama mawe chini ya hodhi. Hayaonekani, lakini mtu akinyoosha mguu anayagusa.

Kisha wakaja watu wa sinema kutoka Reykjavík. Mwenye sinema alikuwa Ketill, kijana wa ndevu zilizonyolewa kama kwa rula, mpole, anayesema asante hata akikanyagwa. Alitaka kutengeneza sinema ya mapenzi na jinai, na kisa cha dansi ile alikuwa amekisikia kwa bibi yake. Alikwenda kwa Hjörleifur kumwomba ruhusa. Hjörleifur alinyamaza wiki nzima, kisha akampigia simu. Alikaa naye jikoni siku tatu. Sidhani kama alikuwa amesema maneno mengi hivyo tangu wale polisi.

Majina walibadilisha. Mji wakauita jina jingine. Muuaji katika sinema ni daktari wa wilaya aliyekuwa akiendesha gari amelewa, akamgonga yule binti na kumficha. Hilo la daktari walilibuni kabisa. Wilaya yetu wakati ule haikuwa hata na daktari. Lakini glavu waliichukua kinywani mwa Hjörleifur kama ilivyo. Sinema yenyewe waliiita *Glavu ya Kushoto*. Ile ya kweli polisi walikuwa wameipoteza siku nyingi, kwa hiyo walifuma nyingine ya kuigizia, ya sufu ya kijivu yenye mistari miwili myekundu, na walipomaliza kazi Ketill alimpa Hjörleifur aitunze.

Sinema ilipangwa kuonyeshwa kwetu Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, saa kumi na moja jioni. Siku tatu kabla, Hjörleifur alinifuata pale dirishani kwangu, taulo begani.

"Eydís. Ile sinema utaiwekea mapumziko?"

"Kila sinema ina mapumziko, Hjörleifur. Usipowapa watu wa hapa mapumziko watatafuna viti."

Hakucheka. "Hii usiisimamishe."

"Kwa nini?"

"Nimeisoma ilipokuwa bado karatasi. Ukiisimamisha katikati, mimi ni muuaji. Ukiiacha iende, mimi ni mtu tu." Akafuta maji usoni. "Nataka waione yote. Mara moja. Mle mle ukumbini. Sitaki kingine."

"Sitaisimamisha."

"Haya," akasema, na akaniwekea mkono wake wenye grisi juu ya dirisha, upande wa pili wa kioo, kama mtu anayepiga muhuri.

Jumapili ile walikuja watu mia mbili. Tuliongeza viti vya kanisani. Hjörleifur alikaa safu ya tatu, pembeni, amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado inaonekana kifuani. Hakuna aliyekaa kando yake, lakini pia hakuna aliyeondoka alipoketi. Nililiona hilo nikafurahi.

Nyuma, karibu na mlango, walikuwa akina mama wa chama chao na meza zao: kahawa, chapati za maji zenye jemu na krimu, na maandazi ya kusokota mia mbili waliyoyakaanga tangu asubuhi. Mwenyekiti wao ni Geirlaug. Geirlaug ni dada wa Sólrún, dada wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyemfumia zile glavu.

Sinema ilianza vizuri. Watu walicheka walipoiona barabara yetu, na kuku wa jirani wakipita nyuma ya wapenzi wawili wanaobusiana. Kisha wakanyamaza. Dansi ilipofika, nilisikia ukumbi mzima unavuta pumzi. Binti anatoka nje. Mlango unafungwa. Theluji. Asubuhi watu wanamtafuta, wanaita jina lake. Kijana yuko peke yake katika karakana ya boti. Anatoa glavu mfukoni, anaitazama. Anafungua mlango wa jiko la kuni. Moto unamwangaza uso.

Mlango wa chumba changu cha projekta ukafunguliwa. Alikuwa Geirlaug, aproni kiunoni.

"Washa taa, mpenzi. Kahawa inapoa."

"Geirlaug, leo hakuna mapumziko. Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

Hapo ndipo kilipo kisa chote, na sitakipamba. Jina lilikuwa mdomoni kwangu. Lakini mbele yangu alikuwa amesimama dada wa yule aliyepotea, na macho yake hayakuwa juu yangu bali juu ya lile jiko kule kwenye skrini. Mpaka leo sijui kama alitaka kuuza kahawa au alitaka tu taa iwake. Nilishindwa kulitaja jina la Hjörleifur mbele ya uso ule. Nikabonyeza. Picha ikaganda, kijana, glavu, moto. Taa zikawaka.

Watu walisimama kama walioamshwa usingizini. Wakajipanga kwenye meza. Nilishuka, nikasikia wanavyosema, midomo imejaa.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa, eti?"

"Wamechunguza hawa. Wamekaa hapa wiki tatu."

"Na yeye mwenyewe kaja na shati jipya. Ana moyo huyo."

"Ongeza krimu, usiwe mchoyo."

Hjörleifur hakuinuka. Alikaa akiangalia picha iliyoganda, sasa imefifia kwa sababu ya taa. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Kumi na tano, nikajiambia, kisha wataona.

Dakika ya kumi na mbili simu zililia. Si moja; zote pamoja, mifukoni, mikobani, juu ya meza. Poromoko la theluji lilikuwa limeanguka kwenye barabara ya mlimani, na gari la kusukuma theluji lilikuwa halijibu redio. Katika mji wetu, asiye katika kikosi cha uokoaji basi ameolewa na aliye katika kikosi. Brynjólfur, mkuu wa kikosi, aliweka andazi mfukoni akatoka mbio, na nusu ya ukumbi ikamfuata. Waliobaki walianza kuvaa makoti. Nani atazame mapenzi wakati mumewe yuko chini ya mlima? Baada ya muda mfupi umeme nao ukakatika. (Dereva alipatikana baadaye, mzima, amelala ndani ya gari lake akinuka biskuti.) Faili la sinema lilikuwa la kuazima, ufunguo wake wa kompyuta, ule unaoliruhusu kufunguka, ulikuwa unakwisha muda usiku ule, na kesho yake likaenda mji mwingine.

Niliingia ukumbini na tochi. Hjörleifur alikuwa palepale.

"Umesimamisha kwenye jiko," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa na nafasi zote, Eydís, ukachagua jiko."

"Nitaileta tena. Naapa nitaileta tena."

Alisimama, akafunga kifungo cha juu cha shati lake. "Haya," akasema.

Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia, na giza zuri la kulisemea. Sikulisema. Nilimmulikia njia mpaka mlangoni, basi.

Kesho yake asubuhi hodhi lilijaa mapema. Nilifungua dirisha langu kidogo ili mvuke utoke, na maneno yakaingia.

"Mimi nilijua tangu zamani," alikuwa anasema Brynjólfur, mwenye macho mekundu kwa kukesha mlimani. "Alikuwa anaichoma."

"Ataichomaje na ilikutwa mfukoni mwake?" aliuliza mmoja.

"Labda walikuwa na jozi mbili."

"Au iligoma kuungua. Sufu ya Geirlaug hiyo, hata moto unaiogopa."

Wakacheka. Nikafungua dirisha lote.

"Hamjaona nusu ya pili! Mimi niliiona yote nilipoijaribu kabla yenu."

"Basi tusimulie, mama sinema."

"Haichomi. Anaianika! Anafungua jiko, anaongeza kuni, anaitundika glavu juu ya jiko ikauke, ili Sólrún akirudi aikute ina joto. Sekunde kumi tu baada ya pale. Muuaji ni mtu mwingine kabisa."

Theluji ilikuwa inaanguka juu ya nywele zao. Kisha Brynjólfur akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu.

"Ah, Eydís. Hiyo si sinema tu?"

Nusu waliyoiona ilikuwa ushahidi. Nusu wasiyoiona ilikuwa sinema tu. Mara mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka, Hjörleifur akatoka na taulo lake.

"Habari za asubuhi," akasema, akaingia majini.

Brynjólfur alijinyoosha. "Mimi nimeiva," akasema, akatoka. "Na mimi nimeiva," akasema jirani yake. Mmoja baada ya mwingine, wote wakawa wameiva. Hjörleifur alifumba macho. Maji yalikuwa bado yanacheza walipokuwa wametoka, kisha yakatulia, na akabaki yeye, kichwa kimoja katika hodhi la watu kumi.

Ikawa hivyo kila siku. Yeye anaingia, wao wanaiva. Hakuna aliyemtukana. Sisi hatutukani.

Kwingine sinema ile ilipokelewa kama mvua ya kiangazi. Reykjavík watu walisimama wakapiga makofi. Gazeti moja liliipa nyota nne, likasema nusu ya kwanza inakukaba na ya pili inakuvunja. Mji mmoja wa kusini waliirudia mara tatu, kwa sababu wanawake waliokwisha kuiona walirudi na mama zao. Niliyakata maandishi hayo yote nikampelekea Hjörleifur jikoni kwake. Aliyasoma polepole, miwani imeshuka puani. Alilolipenda zaidi ni lile la gazeti lililotoa nyota mbili.

"Sikiliza huyu," akasema. "'Mpenzi anasema kidogo mno, mtazamaji anabaki kukisia.'" Akakunja karatasi vizuri, akaitia kwenye droo. "Huyu peke yake ndiye anayenijua."

Ile glavu ya sinema ilikuwa juu ya bomba la joto, chini ya dirisha, imetandazwa. Sikuuliza.

Mwezi wa tatu nilifanikiwa kuileta tena. Nilibandika matangazo dukani, bwawani, bandarini, kanisani. Niliandika kwa herufi kubwa: BILA MAPUMZIKO. Nilikwenda kwa Geirlaug mwenyewe, nikamkuta anafuma.

"Njoo," nilimwambia. "Njoo uone inavyokwisha."

"Najua inavyokwisha," akasema bila kuinua macho. "Dada yangu haji nyumbani. Kuna mwisho mwingine?"

"Si huo ninaousema."

"Mimi huo ndio ninaoujua." Sindano zikaendelea kugongana. "Halafu siku hiyo tuna jioni ya kufuma. Ilipangwa zamani."

Haikuwa imepangwa zamani. Lakini wanawake wote walikwenda kufuma, na waume zao wakakumbuka nyavu, na mechi, na mafua. Saa kumi na moja ilipofika nilikuwa na viti mia na hamsini na mtu mmoja. Alikuwa amevaa lile shati.

"Nianzie wapi?" nilimuuliza.

"Kwenye jiko," akasema. "Mwanzo tumeshauona."

Nilishuka nikakaa kando yake. Kijana alifungua jiko, akatia kuni, akaitundika glavu. Nilimsikia Hjörleifur anapumua. Mwishoni kabisa, yule kijana ni mzee sasa, anatembea barabara ya mlimani peke yake, mkono mmoja umevaa glavu na mwingine uko wazi, umenyooshwa kidogo pembeni, kama umeshikwa. Taa zilipowaka, Hjörleifur aliangalia nyuma, safu hadi safu, viti vyote vitupu, kama mtu anayehakikisha.

"Ni nzuri," akasema. "Kahawa ipo?"

Nikapika kahawa. Tukainywa tumesimama, mezani pa akina mama. Na hapo pia neno langu sikulisema. Niliona kama limepitwa na wakati, kama maziwa.

Katikati ya mwezi wa nne, siku ya Jumanne, hakuja hodhini. Hodhi lilijaa mpaka saa tatu, wala hakuna aliyeiva. Jumatano vivyo hivyo. Watu walicheka kwa sauti kama zamani, na Mungu ananijua, mimi nyuma ya kioo changu niliona utulivu ule nikapumua. Nikasema, amechoka nao, heri apumzike. Alhamisi saa nne nilitundika kibao cha "Narudi sasa hivi" nikaenda kwake.

Mlango haukufungwa, hatufungi milango. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, viatu miguuni, koti limefungwa mpaka juu, mfuko wa kuogea magotini. Taulo lilikuwa limekunjwa ndani yake. Moyo ulikuwa umesimama Jumanne, wakati anataka kuja kwetu, na mji mzima, nikiwemo mimi, ulikuwa umekaa siku tatu ndani ya maji ya moto ukishukuru kwa nafasi.

Glavu ilikuwa juu ya bomba la joto. Haikuwa na unyevu wowote, lakini niliishika. Ilikuwa ya moto.

Kwetu mtu akizikwa, mji wote huingia ukumbini kunywa kahawa yake. Hata adui hakosi keki ya msiba. Hjörleifur hakuwa na ndugu waliobaki, kwa hiyo chama cha akina mama kiliandaa kila kitu, kwa heshima, kama wanavyomwandalia yeyote: keki ya mkate yenye uduvi, chapati za maji, maandazi. Sitawanyima haki yao, walikaanga vizuri. Mchungaji aliniomba nionyeshe picha za marehemu kwenye skrini watu wakinywa, kama ilivyo desturi. Nilizitafuta nyumbani kwake. Zilikuwa nne. Moja yuko mdogo, amepanda kondoo. Mbili ni za mashine za boti. Ya nne ni ya yeye na Sólrún mlangoni mwa ukumbi huu huu, wanacheka, na mtu aliyeipiga amewakata miguu.

Usiku kabla ya maziko nilimpigia Ketill simu. Alilia kwanza. Kisha akanitumia faili na ruhusa kwa maandishi.

Watu walipokuwa wamejaa na vikombe vimejaa, nilionyesha picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne niliiacha muda mrefu. Kisha nikazima taa, na kwenye skrini kijana akafungua mlango wa jiko.

Wanasema nilifunga mlango kwa ufunguo. Ni uongo. Mlango ulikuwa wazi dakika zote arobaini na nane. Ila hakuna mtu wa hapa anayeondoka kwenye kahawa ya maiti kabla haijaisha, na mimi nililijua hilo, na nililitegemea. Hakuna hata mmoja aliyesema ameiva.

Nilikuwa nimesimama kando ya skrini, kwa hiyo niliziona nyuso badala ya sinema. Glavu ilipotundikwa juu ya jiko, mwanamke mmoja alitoa sauti ndogo, kama aliyechomwa na sindano. Brynjólfur aliushika uma wake wenye kipande cha keki, nusu ya safari ya kwenda mdomoni, na ukakaa pale mpaka keki ikaanguka. Daktari alipokiri, hakuna aliyemwangalia daktari. Walikuwa wameinamisha macho. Mwishoni, mzee alipopita barabarani na mkono wake wazi, nilisikia ukumbi mzima unalia kwa namna ya hapa kwetu, yaani kimya, kwa pua.

Nikawasha taa.

Geirlaug alikuwa amesimama katikati ya meza, birika la kahawa mkononi. Hakuwa amelitua tangu mwanzo.

"Ulingoja mpaka afe," akasema.

Na lilikuwa kweli.

Wiki iliyofuata nilipata barua ya kamati ya ukumbi. Walisema nimeudhalilisha mji siku ya maziko, nimeiumiza familia ya Sólrún, nimegeuza msiba maonyesho. Nilitakiwa niombe radhi kwa maandishi katika jarida la mji, la sivyo nirudishe funguo. Hodhini nako lugha ilikuwa imebadilika. "Mimi siku zote nilikuwa na mashaka," niliisikia sauti ya Brynjólfur kupitia mvuke. "Alikuwa mtu mzuri. Mkimya, lakini mzuri." Wengine wakaitikia. Kona aliyokuwa akikaa waliiacha wazi, wakabanana upande wa pili. Sijui kama ni heshima au ni haya. Huenda ni yale yale ya zamani, yamevaa shati jipya.

Jana asubuhi, hodhi lilipokuwa tupu, Geirlaug alikuja. Sijawahi kumwona bwawani. Hakuvua hata koti. Alisimama mbele ya dirisha langu, pale pale aliposimama Hjörleifur na taulo begani.

"Wanasema wewe ndiye uliyemkuta."

"Ndiyo."

"Wanasema ilikuwepo. Ile glavu."

"Ilikuwa juu ya bomba la joto."

"Si yangu ile," akasema haraka. "Mistari wameiweka karibu mno. Yangu ilikuwa na nafasi ya vidole viwili." Akatazama maji. "Ilikuwa ya moto?"

"Ilikuwa ya moto, Geirlaug."

Aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Niliingiza mkono kwenye tundu la tiketi, akaushika. Mkono wake ulikuwa baridi, hauna glavu. Tulikaa hivyo muda mrefu kuliko dakika kumi na tano.

Kisha akafuta uso na kiganja, na sauti yake ya mwenyekiti ikarudi.

"Kamati inakaa leo jioni. Andika mistari miwili tu, mpenzi. Omba radhi, yaishe. Kwa ajili yangu mimi, si kwa ajili yao. Miaka thelathini na tano nimekuwa na mtu mmoja wa kumchukia, nawe umeninyang'anya mbele ya watu, na keki mkononi."

Nilimhurumia. Namhurumia hata sasa ninapoandika haya. Lakini kuna mtu mmoja tu niliyepaswa kumwomba radhi, na nilikuwa naye gizani na tochi mkononi, na nilikuwa naye mezani na kikombe mkononi, na mara zote mbili nikanyamaza. Neno lile ni lake. Amelala nalo kule juu makaburini, chini ya barabara ya mlimani, na siwezi kumpa mtu mwingine.

Nilitoa funguo za ukumbi kwenye mnyororo wangu, moja baada ya nyingine, nikampitishia kwenye tundu la tiketi.

"Wapelekee," nilimwambia. "Radhi siombi."